Usiongeze maziwa, yapunguze leo: jibu kwa mama wa mtoto anayekunywa lita nzima

Dada yangu, umeandika kwamba mwanao ana mwaka mmoja na miezi mitano, anakunywa lita moja ya maziwa ya ng'ombe kwa siku, chakula anakitema, na sasa unataka kumfikisha lita moja na nusu ili asilale na njaa. Usiongeze hata kijiko. Mtoto huyo hali chakula kwa sababu ameshiba maziwa, na ukimwongezea utaziba hata ile nafasi ndogo iliyobaki tumboni mwake. Nakuandikia kwa ukali kwa sababu nilipita njia hiyo hiyo mwaka 2019, nayo ilinifikisha wodini, mwanangu akitundikiwa damu.

Nilirudi kazini alipokuwa na miezi mitano, maziwa yangu yakakauka taratibu, na alipotimiza miezi minane nikamwanzishia ya ng'ombe. Muuza maziwa wetu pale Tabata alifika na pikipiki yake kila asubuhi kabla ya saa moja, akanipimia lita moja, baadaye lita moja na nusu, na karibu yote yalikuwa ya mtoto. Akilia, alipewa chupa. Akikataa ugali, alipewa chupa. Usiku alilala na chupa mdomoni. Alinenepa sana. Mashavu yalijaa, na kila mwezi kliniki nukta ya uzito wake iliangukia kwenye eneo la kijani la kadi, nami nikarudi nyumbani nikiamini kwamba hakuna kitu ninachokosea. Hapo ndipo nilipopotea, na nakuomba upasome mara mbili: mizani hupima kilo, haipimi damu, na mtoto mnene anaweza kuishiwa damu mbele ya macho ya watu wanaomsifia unene.

Alipofika mwaka na miezi mitatu nilianza kuwa na wasiwasi kwa sababu hakuwa anakula kitu chochote cha kutafuna, nikaenda duka la dawa lililokuwa karibu na nyumbani. Yule muuzaji hakuniuliza mtoto anakunywa nini wala kiasi gani, hakumfunua kope, hakumtazama viganja. Alinichukulia rafuni chupa ya dawa ya kuongeza hamu ya kula na kuniambia kwamba mtoto anayekunywa maziwa hana tatizo, nimpe kwa wingi tu, dawa itafanya kazi yake. Nilirudi kwake mara tatu zaidi, na mara zote tatu aliniuzia chupa nyingine kwa maneno yale yale. Hadi leo nina hasira naye. Mtu anayepokea fedha ya mama mwenye wasiwasi ana wajibu wa kuuliza swali moja tu, na swali hilo lingetuokolea miezi minne.

Katika miezi hiyo dalili zote zilikuwa wazi, ila mimi sikujua kuzisoma. Mtoto alianza kulamba ukuta na kuokota udongo uani, nikamchapa kidole nikidhani ni utundu. Alikuwa ameanza kutembea, kisha akarudi kutaka kubebwa muda wote, nikadhani ni kudeka. Majirani waliniambia kwamba anazidi kutakata, anakuwa mweupe kama wa upande wa baba yake, nami nikapokea sifa hiyo kwa furaha, kumbe ule weupe ulikuwa ni damu inayopungua. Kama ningelinganisha kiganja chake na changu hata siku moja, ningeona kwamba changu kina wekundu na chake kimekuwa kama karatasi.

Usiku mmoja alianza kupumua haraka, moyo unapiga hadi unauona kifuani. Hospitali walimpima malaria, hakuwa nayo. Wakampima selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, hakuwa nao. Kisha kipimo cha wingi wa damu kikaleta gramu 4.6 kwa desilita, wakati mtoto wa umri ule alitakiwa asipungue 11. Shemeji yangu alijitolea damu asubuhi ile, na mwanangu akaongezewa kidogo kidogo kwa muda wa saa nne, mimi nikiwa nimeshika mkono wake asiuchomoe mrija. Ndipo daktari akaniuliza lile swali ambalo hakuna aliyeniuliza: kwa siku anakunywa maziwa kiasi gani? Nikamjibu kwa fahari kabisa kwamba hakosi lita moja na robo. Aliweka kalamu chini, akanitazama, kisha akaichukua tena na kunifanyia hesabu nyuma ya karatasi ya vipimo.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji takriban miligramu 7 za madini ya chuma kwa siku ili atengeneze damu. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina kama nusu miligramu tu, yaani kwa maziwa peke yake angehitaji lita 14 kwa siku, na hata hicho kidogo kilichomo mwili hukifyonza kwa shida, kwa kuwa kalsiamu na protini za maziwa huzuia chuma kupita, pamoja na chuma cha mboga na maharage aliyokula mlo huo huo. Kwa upande wa nishati, lita moja na robo ya maziwa yasiyotolewa mafuta inapita robo tatu ya kalori 1,000 hivi anazohitaji kwa siku, kwa hiyo ni lazima akatae ugali. Tumbo lake lilikuwa linasema ukweli. Kibaya zaidi, nilimwanzishia kabla hajafikisha mwaka, umri ambao maziwa ya ng'ombe yanaweza kuukwaruza utumbo ukavuja damu kidogo kidogo bila kuonekana chooni, wakati ambapo akiba ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imeshaanza kuisha tangu mwezi wa sita.

Kanuni niliyotoka nayo wodini ni moja, na nitaisema hata kwa atakayechoka kuisikia: maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku, kwa kikombe, baada ya chakula. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaruhusu vikombe viwili hadi vitatu katika mwaka wa pili, yaani kama mililita 480 hadi 720, na wenzao wa Kanada wanataja mililita 500 na kukataza kabisa kupita 750. Mimi nakaa kwenye ile nusu lita kwa sababu watoto wetu wengi hawali nyama kila siku, na uji wa mahindi hautoi chuma kwa urahisi, hivyo hatuna nafasi ya kuchezea. Mtindi anaokula uuhesabu humo humo. Kama bado ananyonya kwako, endelea kumnyonyesha hadi miaka miwili na zaidi; ninachokuonya hapa ni ya ng'ombe.

Utakapopunguza atalia. Wangu alilia siku tatu, na siku ya kwanza usiku nilikaribia kushindwa, kwa sababu nilihisi kama ninamnyima haki yake. Nilianza kwa kuondoa chupa ya usiku, nikabakiza maji tu, kisha nikaondoa na ile ya asubuhi kabla ya uji. Siku ya nne mchana alikaa kwenye mkeka na kula ugali kwa dagaa waliosagwa, mwenyewe, kwa mkono wake. Baada ya hapo niliweka maini au nyama ya kusaga mara mbili kwa wiki, dagaa siku nyingine, maharage yaliyopondwa, na kipande cha chungwa au pera mezani kila mara, kwa kuwa matunda hayo husaidia chuma kufyonzwa. Chai niliiondoa kabisa kwenye milo yake, kwa sababu nayo huzuia chuma.

Dawa ya chuma alitumia miezi mitatu baada ya damu kurudi kiwango chake. Kinyesi kilikuwa cheusi na hilo ni kawaida. Lakini usikimbilie kuinunua mwenyewe: kiasi hupangwa na daktari kwa uzito wa mtoto, na ikizidi ni sumu, kwa hiyo hata ukishaandikiwa ifungie juu kabatini mahali asipofika.

Leo jioni, kabla giza halijaingia, mtoe nje kwenye mwanga, vuta kope ya chini uone kama ndani kuna wekundu, kisha weka kiganja chake kando ya chako. Vyovyote utakavyoona, kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya, omba kipimo cha wingi wa damu, na umtajie daktari ile lita moja bila kuona aibu. Akianza kupumua haraka au kulegea usiku huu, usisubiri asubuhi. Ukipata majibu, andika hiyo namba hapa, nitakuwa naisubiri.