Mashini yako haina tumbo

Mwezi wa tano 2020, vyuo vimefungwa, nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu Kadutu, hapa Bukavu, nikitafuta dawa ya Korona kwa kompyuta ya mtumba ambayo betri yake ilikufa zamani. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa kemia, nina mega chache za usiku, na nilikuwa nimepakua kitu ambacho wanafunzi wengi duniani walikipakua mwaka ule: umbo la protini kuu ya kirusi, ile inayofanya kazi kama mkasi wa kukatia protini nyingine ili kirusi kijijenge. Katika ghala la maumbo ya protini inaitwa 6LU7. Mpaka leo nikiamshwa usiku wa manane naweza kukutajia jina hilo.

Nikachukua luteolini, molekuli iliyomo katika majani ya mubirizi, ule mmea mchungu wa dawa za kienyeji, nikaipachika kwenye mfuko wa protini ile, yaani shimo lake la kukatia, kwa programu ya bure iitwayo AutoDock Vina. Feni ikavuma dakika kumi hivi, kisha namba ikatoka: −8.1. Molekuli ya kikemia iliyopigwa picha pamoja na protini ile, ambayo ndiyo niliitumia kama kipimo, ilinipa −7.4. Namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, molekuli inadhaniwa kushika zaidi. Kwa hiyo mubirizi umeshinda! Nikatoka barazani, nikamkuta shangazi anachambua sombe, nikamwambia: "Shangazi, mubirizi unaweza kuzuia Korona. Kompyuta imeonyesha."

Neno "unaweza" lilifia palepale barazani. Wiki haikuisha, majirani wakaanza kuja uani kuomba majani.

Shangazi ana ugonjwa wa sukari, na siku zile alikuwa anakunywa glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, kila asubuhi. Alichemsha mubirizi mpaka maji yakawa meusi kama kahawa, akawa anakunywa vikombe viwili pamoja na kidonge chake kabla ya kuweka kitu mdomoni. Siku ya nne alianguka karibu na bomba. Tulimpakia kwenye taksi, na hospitalini wakapima sukari: 41, imeshuka mno. Walipomtundikia maji ya glukosi alifungua macho. Daktari hakusema ni mubirizi. Aliuliza tu amekula nini tangu jana. Hakuwa amekula kitu. Uchungu wa majani yale ulimkata hamu kabisa. Nikaanza kujieleza, protini, mfuko, namba, na ndipo shangazi mwenyewe akanikatiza kwa sauti ya chini:

"Ile mashini yako haina tumbo."

Sasa nafundisha kemia, na kila wiki mzazi au mwanafunzi ananitumia ujumbe wa WhatsApp unaoanza na "Wanasayansi wamegundua". Naandika hapa ninayowajibu, ili nisiwe nayarudia. Swali la kwanza ni lile la shangazi. Hicho kitu kilijaribiwa ndani ya nini? Ndani ya kompyuta? Ndani ya seli kwenye chupa? Ndani ya panya? Au ndani ya watu, na kama ni watu, walikuwa wangapi, na walilinganishwa na nani? Kompyuta haina tumbo. Seli za chupani hazina tumbo wala ini. Panya ana tumbo, lakini si lako.

Luteolini niliyoishangilia, ukiimeza, utumbo na ini huibadilisha haraka, na inayobaki salama kwenye damu ni kidogo sana. Vina haikuniambia hilo, wala sikuiuliza. Na dawa ya kweli dhidi ya mkasi ule ule wa kirusi ilikuja baadaye: nirmatrelviri, iliyoruhusiwa Marekani kwa dharura mwezi wa Desemba 2021. Walioitengeneza walijua habari za ini. Ndiyo maana hutolewa pamoja na ritonaviri, ambayo kazi yake pale ni kuzuia kimeng'enya cha ini kisiivunje ile nyingine mapema. Kabla ya kuitwa dawa ilipita kwa watu wazima zaidi ya 2,200, nusu wakipewa vidonge visivyo na dawa.

Swali la pili ni la namba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoaibika zaidi. Watu walioitengeneza Vina waliandika wenyewe, mwaka 2010, kwamba makosa yake ya kawaida ni kama kilokalori 2.85 kwa moli, kipimo kile kile cha namba zangu. Sikuyasoma hayo. Ukiyasoma unaweza kuyaona madogo: 2.85, si neno. Lakini nguvu ya molekuli kushika protini haipandi taratibu kama ngazi. Katika joto la mwili, kila kilokalori 1 hubadilisha nguvu hiyo karibu mara 5. Kilokalori 2.85 ni karibu mara 100. Yaani ni sawa na mizani ya soko la Kadutu ambayo, ikikuonyesha kilo moja ya unga, ule unga unaweza kuwa gramu 10 au kilo 100. Nani atanunua? Na mimi, kwa mizani hiyo, nilitangaza kwamba −8.1 imeishinda −7.4. Tofauti ya 0.7! Kwa hiyo ukiona makala inajivunia namba ya namna hiyo, tafuta kwanza makosa ya kipimo yameandikwa wapi. Yakikosekana, funga simu ukalale.

Vina haijui elektroni. Inaziona atomu kama vijipira vinavyovutana na kusukumana. Kemia ya kwantumu ndiyo inayoshughulika na elektroni zenyewe, kwa mlinganyo ambao mwanafizikia Schrödinger aliutoa mwaka 1926. Mlinganyo huo unatatulika barabara kwa haidrojeni yenye elektroni moja. Ukiongeza elektroni ya pili tu, tayari unakadiria. Njia ya kukadiria ambayo wengi tunaitumia, ya kuangalia msongamano wa elektroni badala ya kuifuata kila moja, ilimpa Walter Kohn tuzo ya Nobeli mwaka 1998, pamoja na John Pople. Kwa nini tujisumbue hivyo? Turudi kwa nirmatrelviri. Haikai tu mfukoni mwa protini, inafunga nayo kifungo cha kikemia, kwenye sistini, mojawapo ya amino asidi zinazoijenga protini hiyo, ya namba 145. Kifungo kikizaliwa, elektroni zinahama, na vijipira haviwezi kukuonyesha hilo.

Tatizo ni bei ya hesabu. Ile njia ya kwantumu ambayo wanakemia huichukulia kama kipimo cha dhahabu, ukiikuza molekuli mara 2, kazi inakua mara 128. Nilipojaribu njia ya msongamano, iliyo nafuu kuliko hiyo, kwa luteolini peke yake, atomu 31, bila maji wala protini, ilinichukua usiku wa siku mbili. Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa tisa alfajiri nikapoteza kila kitu. (Wanafunzi wangu, nawaomba: kabla ya kitu kingine jifunzeni programu yenu inaweka wapi faili ya kuendeleza kazi iliyokatika. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo.) Protini ile ina amino asidi 306. Fanya hesabu mwenyewe ya usiku ngapi. Ndiyo sababu wakubwa wa fani huhesabu elektroni mahali pale kifungo kinapozaliwa tu, na sehemu iliyobaki wanaiachia vijipira. Njia hiyo ilipata Nobeli mwaka 2013.

Mambo yamebadilika hivi karibuni, na kwa mwanafunzi wa Bukavu mabadiliko haya ni makubwa kuliko ya kompyuta za kwantumu zinazopigiwa kelele. Mei 2025, Meta na maabara ya Berkeley walitoa bure mkusanyiko wa hesabu za elektroni zaidi ya milioni 100, baadhi za molekuli zenye atomu mpaka 350. Kuzifanya kulikula saa bilioni 6 za kompyuta. Programu zinazojifunza kutokana na hesabu hizo hukadiria kwa muda mfupi kitu kilichonikesha mimi siku mbili. Maumbo ya protini nayo, zaidi ya milioni 200 yaliyokisiwa na programu ya AlphaFold, yako bure tangu 2022, na walioitengeneza walipata Nobeli ya kemia mwaka 2024. Kijana mwenye kompyuta ya kawaida na mega za usiku anaweza leo kuuliza maswali ambayo mwaka 2020 niliyaota tu. Anaweza pia kukosea kwa kasi zaidi yangu. Bado ni makisio, na bado hayana tumbo.

Wasiosoma kemia wananiuliza: basi sisi tuamini nini? Nawaambia watazame hapa hapa kwetu mashariki, maana somo kubwa la karne hii juu ya majaribio ya dawa lilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mnakumbuka hofu ya Julai 2019 Ebola ilipofika Goma. Wakati huo huo madaktari, Profesa Muyembe akiwa mmoja wa viongozi wao, walikuwa wanalinganisha dawa nne kwa wagonjwa 681. Mojawapo ilikuwa remdesiviri. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba nyani walioambukizwa Ebola, wakapewa remdesiviri siku ya tatu, walipona wote. Wote! Kwa WhatsApp hiyo ni "dawa ya Ebola imepatikana". Kwa watu, kati ya waliopewa remdesiviri, asilimia 53 walikufa. Dawa mbili za kingamwili zilifanya vizuri zaidi, vifo vikiwa asilimia 35 na 33.5, na jaribio likasimamishwa Agosti 2019 ili wagonjwa wapewe hizo mbili. Moja yake asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995.

Mpox ni hivyo hivyo. Ilipopamba moto kutoka Kamituga, kila mtu hapa alikuwa anaulizia dawa iitwayo tekovirimati, iliyokuwa imeshawasaidia nyani. Agosti 2024 yakaja majibu ya jaribio la Kongo, watu 597, Tunda huko Maniema na Kole huko Sankuru: vidonda havikupona haraka kuliko kwa wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wengi wakasoma "dawa imeshindwa" wakaishia hapo. Mimi nilisimama kwenye mstari mwingine. Waliokufa, katika makundi yote mawili, walikuwa asilimia 1.7, wakati kwingineko nchini ilikuwa 3.6 au zaidi. Wote walilazwa, wakalishwa, wakatibiwa maambukizi mengine. Kama una mgonjwa wa mpox nyumbani, mstari huo unakuhusu kuliko jina la dawa yoyote: mpeleke mapema.

Mengine kwa haraka. Makala ikitoka medRxiv au bioRxiv, wataalamu wengine bado hawajaipitia. Isome kama barua ambayo haijatiwa mhuri. Mega zikiwa chache soma muhtasari kwenye PubMed, ghala la bure la mihtasari ya makala za tiba, hauli mega nyingi. Na wanafunzi, ulizeni maktaba ya chuo chenu nywila ya Hinari. Inafungua majarida mengi ya tiba ya kulipia bila malipo kwa vyuo vya nchi kama yetu, na wengi humaliza masomo bila kuijua.

Shangazi bado yuko Kadutu. Mwezi uliopita alinitumia picha: kompyuta ya kwantumu imepata dawa ya saratani. Chini yake sauti ya sekunde tatu: "Hii iko na tumbo?" Nikaitafuta. Ni makala ya mwanzo wa 2025. Kompyuta ya kwantumu ilisaidia kupendekeza molekuli dhidi ya KRAS, protini yenye jina baya katika saratani. Walitengeneza molekuli 15 maabarani, 2 zikaonyesha matumaini.

"Bado, shangazi," nikamjibu. "Iko na seli za chupani tu."

"Basi niletee vidonge vyangu ukipita Nyawera. Vimebaki viwili."