Maswali ya Wasomaji: Umoja wa Wauza Kahawa

SWALI: Ndugu wahariri, sisi ni wauza kahawa 17 wa Ngamiani, Tanga. Wengine wana vijiwe, wengine wanatembeza dele. Tunataka kuunda umoja ili tununue kahawa pamoja, tuwe na bei moja ya kikombe, na tuombe mkopo wa halmashauri. Tuanze na lipi?

JIBU: Anzeni na kununua pamoja. Hilo la bei moja liacheni kabisa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara wanaoshindana kukubaliana bei, na mkiliandika kwenye katiba mtakuwa mmejiandikia ushahidi wenyewe. Kubalianeni ubora badala yake: gramu ngapi za kahawa kwa lita moja ya maji, vikombe vioshwe vipi, nani akague.

Sasa kahawa yenyewe. Ikikaangwa hupungua uzito kwa asilimia 15 hadi 20, kwa hiyo gunia la kilo 60 mbichi litawarudishia kilo 48 hadi 51. Andikeni hesabu hiyo mapema, kabla ya gunia la kwanza. La sivyo mwanachama atalipia kilo 5 mbichi, atapokea kilo 4 na kitu, na hizo zilizopungua atamdai mweka hazina. Wekeni akiba ikiwa mbichi, mkaange ya wiki moja tu, na kila mtu asage ya siku yake. Iliyosagwa hupoteza harufu upesi mno. Kahawa mbichi hutunzwa ikiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12, na hewa yetu ya pwani huuongeza. Pangeni magunia juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Mkisikia harufu ya uvundo, msikaange mkitumaini moto utaiondoa. Hauiondoi.

Kwenye fedha ndiko umoja huu utakakopona au kufia. Kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kwa wiki, mtapata 17,000 kwa wiki na 884,000 kwa mwaka. Mfuko wa kununulia kahawa usichanganywe hata siku moja na mfuko wa kuzikana. Msiba hausubiri, na hakuna mwenye moyo wa kumnyima mfiwa, kwa hiyo mifuko ikiwa mmoja mtaji utakwisha bila mtu yeyote kuiba. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la umoja, yenye watia saini watatu, na fedha zitoke kwa saini za wawili. Michango isiwe inaingia kwenye simu ya mwenyekiti.

Kuhusu usajili, fanyeni mkutano, andikeni muhtasari, orodha ya wanachama yenye saini na katiba, kisha mpitie kwa mtendaji wa mtaa hadi kwa afisa maendeleo ya jamii. Mkopo ndipo wengi wanapokwama. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee na vijana wa kiume wakichanganyika katika kikundi kimoja, hakuna fungu kinamoingia. Umoja wa biashara ubaki wa wote 17, na walio vijana kati yenu waunde kikundi chao kidogo cha kuombea mkopo.

SWALI: Nataka kuagiza mashine ya kahawa ya sarafu kwa ajili ya mgahawa wangu. Nimeambiwa niulize kama ina MDB. Ni kitu gani?

JIBU: Ni kanuni ya mawasiliano kati ya kompyuta ya mashine na vifaa vya kupokea malipo: sarafu, noti, kadi. Inasimamiwa na NAMA, chama cha biashara ya mashine za kujiuzia nchini Marekani kilichoanzishwa mwaka 1936, kwa ushirikiano na EVA, chama cha Ulaya chenye makao Brussels. Faida yake ni kwamba kifaa cha malipo kikiharibika, unaweza kufunga cha kampuni nyingine bila kubadili mashine nzima. Huo ndio msaada mkubwa wa vyama hivi: washindani wamekubaliana kuhusu waya na lugha ya mashine, na bei kila mmoja anajipangia.

Mashine isiyo na MDB mara nyingi huhesabu mapigo ya umeme tu na hairudishi chenji. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji afundishe kipokea sarafu chake kutambua sarafu zetu za 100, 200 na 500, maana hupima kipenyo, unene na madini. Mtumie sarafu halisi kadhaa za kila aina, mpya na zilizochakaa.

SWALI: Bwana afya anataka vikombe vioshwe kwa dawa. Kipimo ni kipi?

JIBU: Ndoo tatu: ya sabuni, ya kusuuzia, ya dawa. Kwa dawa ya klorini ya asilimia 3.5, weka mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, katika lita 10 za maji ya baridi. Loweka angalau dakika moja, kisha uvianike vikauke vyenyewe bila kufuta kwa kitambaa. Usiruke ndoo ya kusuuzia, kwa kuwa masalia ya kahawa huimaliza nguvu klorini. Maji ya dawa yakianza kuwa na rangi, yamwage uchanganye mengine.