Dira moja, wapangaji sita: tuhesabu nini?

Ndugu uliyeuliza kama nyumba yenye wapangaji sita na dira moja, yaani mita ya maji, ihesabiwe kuwa unganisho moja au sita, nakujibu kwa niliyoyaona nikiwa katibu wa kamati ya kisima cha mtaa wetu huku Chanika.

Unganisho ni pale bomba la mradi linapokoma na bomba la mteja linapoanza, na kwetu mpaka huo ulikuwa dira. Bomba likipasuka kabla ya dira, gharama ni ya mradi. Likipasuka baada yake, ni ya mwenye nyumba. Kwa hiyo nyumba hiyo ni unganisho moja.

Tatizo huanza pale hesabu hiyo inapotumiwa kupima mahitaji ya maji, nasi lilitupata. Tulikuwa na dira 41, tukapanga muda wa kuwasha pampu kana kwamba tuna kaya 41, na kila alfajiri tangi likawa tupu kabla wakazi wa mwisho wa bomba hawajapata hata ndoo moja, jambo lililoniuma sana kwa kuwa wao pia walilipa ankara zao. Tulipopita nyumba kwa nyumba tukakuta kaya zaidi ya 100, mbali na majirani waliokuwa wakivutiwa maji kwa mpira. Hata gati letu, yaani kituo cha umma cha kuchotea maji, lilikuwa mstari mmoja tu daftarini, ilhali Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002, kwa upande wa vijijini, ilikadiria kituo kimoja kihudumie watu 250, kila mmoja lita 25 kwa siku, yaani lita 6,250.

Kanuni za Marekani zinautambua mfumo wa maji wa jamii kwa kuwa na angalau maunganisho 15 ya wakazi wa mwaka mzima, au kwa kuhudumia angalau wakazi 25 wa aina hiyo. Hilo neno “au” ndilo la maana: nyumba chache zilizojaa watu hazikwepi sheria kwa uchache wa mabomba.

Wekeni basi safu mbili daftarini, ya dira na ya watu. Mteja aliyekatiwa kwa deni msimfute. Mwandikeni kuwa unganisho lililofungwa, kwa sababu bomba lake bado lipo na linaweza kuvuja au kufunguliwa usiku. Na kama bei yenu hupanda kadiri matumizi yanavyoongezeka, nyumba ya wapangaji sita itatozwa kama tajiri mmoja mwenye bustani, hivyo zingatieni idadi ya kaya kabla ya kupanga viwango. Mkienda kuhesabu, fuataneni na mjumbe na muwaulize wapangaji wenyewe, kwani kwetu baadhi ya wenye nyumba walitaja pungufu.