Mgeni Wikipedia ya Kiswahili: kabla hujagusa alichoandika mwenzio

Karibuni wageni. Naona mmeingia wengi siku hizi, wengine kupitia mashindano ya kuandika makala, wengine mmevutwa na marafiki, na wengine mmekuta kosa kwenye makala ya kwenu mkachukia mkabonyeza "Hariri" kwa hasira. Wote sawa tu, hata hasira inajenga ensaiklopidia. Ila kuna kitu kinafukuza wageni humu kuliko jedwali na vigezo (vile visanduku vya kubandika vilivyotengenezwa tayari) na yale mabano yanayowachanganya, nacho ni ugomvi wa "nani kakwambia uguse makala yangu". Nimekaa humu kitambo, nimeona watu wazima na digrii zao wakinuniana kwa sababu ya koma, kwa hiyo nawapa ninachokijua mtajua wenyewe mnachukua kipi.

Kwanza jua unakubali nini ukibonyeza kuchapisha. Maandishi yako yanatoka kwa leseni ya Creative Commons, ile inayomruhusu yeyote kuyachukua, kuyabadilisha, hata kuyauza, alimradi awataje walioandika na toleo lake nalo aliachie kwa masharti hayohayo. Kwa hiyo hakuna cha "makala yangu" humu. Kuna makala uliyoianzisha, basi, na jina lako linabaki kwenye historia ya ukurasa. Mtu akija kesho akaikata aya yako ikabaki robo hajakuibia kitu. Inauma, najua, hasa kama uliiandika usiku kwa simu na bando la kuungaunga, lakini ndo mkataba wenyewe na hakuna aliyekulazimisha.

Sasa ukihamia ukurasa wa majadiliano, ule unaoambatana na kila makala ambako wahariri wanajadiliana, mambo yanageuka kabisa na hapa ndo wengi wanapotea. Pale mtu akiandika akaweka sahihi (zile tilde nne ~~~~ ambazo zenyewe zinageuka kuwa jina na saa) hiyo ni kauli yake, usiiguse. Hata kama kaandika "ela" badala ya "hela", hata kama kakurushia dongo. Nimeshaona mtu anamsahihishia mwenzie Kiswahili kwenye majadiliano, tena kwa nia njema kabisa, mwenye kauli anarudi anakuta sentensi yake inasema kitu tofauti na bado jina lake liko chini, mbona palichafuka. Kama ni tusi zito au mtu kamwaga namba ya simu ya mwenzake, hapo ondoa na waite wakabidhi, ndo maadimini wa humu. Nje ya hapo jibu chini yake, weka sahihi yako, maisha yaendelee. Na wewe mwenyewe ukitaka kubadilisha ulichosema wakati watu wameshajibu usikifute kimyakimya, kipige mstari katikati uandike kipya pembeni, maana ukifuta, wale waliokujibu wanaonekana kama wanaongea peke yao.

Haya, turudi kwenye makala. Ugomvi mwingi ninaouona ni mtu kashindwa kutofautisha kosa na ladha. Mwaka umekosewa, jina la mtu limekosewa, linki imekufa, hayo ni makosa, rekebisha bila kumuomba mtu ruhusa. Lakini mwenzio kaandika "runinga" wewe unapenda "televisheni", hiyo ni ladha yako. Mkenya kaandika "tarakilishi", anakuja Mtanzania anapitia makala nzima anaweka "kompyuta", kesho yake inarudishwa, keshokutwa tena, na hakuna msomaji hata mmoja aliyefaidika. Wenzetu wa Kiingereza walipigana hivihivi kuhusu spelling ya Uingereza na ya Marekani, makala yao ya mtindi peke yake ilibishaniwa miaka na miaka kama yoghurt iwe na ile h au isiwe nayo mpaka 2011 ndo wakaafikiana iondoke. Kanuni yao kwa kifupi ni kwamba makala ya nchi fulani inafuata lugha ya nchi hiyo, na isiyo na mwenyewe inabaki kama ilivyoanza. Mimi naona na sisi inatufaa kabisa, makala ya Kisumu iachwe na Kiswahili cha Kenya na ya Mbeya na cha Tanzania, kwani tatizo liko wapi?

Kuna jamaa wa Marekani aliandikwa sana kwenye magazeti mwaka 2015 kwa kufanya mahariri kama 47,000 kwenye Wikipedia ya Kiingereza, na karibu yote ni ya kuondoa maneno mawili tu, "comprised of", ambayo yeye anaona ni kosa la sarufi. Wapo wanaomshangilia na wapo wasiotaka hata kumsikia, maana kamusi nyingine zinayakubali. Mimi binafsi ningechoka zamani sana. Lakini jambo moja namvulia kofia, kaandika ukurasa mrefu kweli wa kueleza kwa nini anafanya anachofanya, kwa hiyo ukikuta kagusa sentensi yako unajua pa kwenda kumsoma kabla ya kumbishia.

Na hiyo inanileta kwenye kile kiboksi cha muhtasari chini ya dirisha la kuhariri, ambacho wageni wote mnakiruka. Chukua mfano wa makala ya Kilimanjaro. Mgeni anafungua anakuta mita 5,895, yeye kasoma mahali 5,892, anabadilisha, anachapisha, muhtasari mtupu. Anayefuatilia ukurasa anaona namba imebadilika bila neno, na humu namba ikibadilika bila neno mara nyingi ni mtu anachezea tu, anatengua, yaani anarudisha ukurasa ulivyokuwa. Mgeni anaona kadharauliwa anarudisha, anatenguliwa tena, sasa anaanza kuandika kwa herufi kubwa. Na kumbe wote wawili wana haki! 5,895 ilitoka kwenye upimaji wa Waingereza wa 1952 na ndo imeandikwa kwenye kibao pale kilele cha Uhuru, 5,892 ilitoka kwenye kipimo cha GPS cha 1999, na walipopima tena 2008 wakapata karibu ileile. Dawa ni sentensi moja yenye namba zote mbili, kila moja na mwaka wake na tanbihi yake. Na yote hayo yangeepukika kama yule wa kwanza angeandika kwenye kiboksi "nimeweka 5,892 kwa kipimo cha GPS 1999, chanzo kipo". Ukiandika "nimerekebisha" hujasema kitu, kila mtu anadhani amerekebisha.

Namba za sensa nazo ni hivyohivyo. Makala zetu nyingi za kata za Tanzania zina ile sentensi ya "kwa mujibu wa sensa iliyofanyika mwaka 2012", basi anakuja mtu anaweka idadi ya 2022, anaacha mwaka 2012 palepale na chanzo cha zamani palepale, sasa mnatarajia mwenzio afanye nini asitengue? Kati ya sensa hizo mbili nchi ilitoka watu 44,928,923 ikafika 61,741,120, kwa hiyo tofauti si ndogo hata kwenye kata. Namba, mwaka na chanzo vinahama pamoja, kama huna muda wa vyote vitatu ahirisha.

Kingine, usibadilishe kila kitu kwa mkupuo mmoja. Ukisahihisha tahajia na kuhamisha aya na kufuta sehemu na kubadilisha picha halafu ukachapisha mara moja, mtu asiyekubaliana na ile picha tu atatengua vyote na jasho lako lote linaondoka nayo. Anza na makosa yasiyo na ubishi, chapisha. Halafu upangaji wa aya, chapisha. Kile unachojua kitaleta maneno kiweke mwisho peke yake na muhtasari wake mrefu. Ukifanya hivyo hata anayekupinga anajua anapinga nini.

Ukitenguliwa mara moja, usirudishe. Wikipedia ya Kiingereza wana sheria kwamba ukitengua zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24 unaweza kufungiwa usihariri, na wageni wakiisikia wanadhani wamepewa ruhusa ya mara tatu kwa siku, hapana jamani, hiyo ni waya wa umeme si uwanja wa mazoezi. Nenda majadiliano andika kitu kama "Habari mkuu, nimeona umetengua aya yangu ya historia. Chanzo changu ni kitabu hiki, ukurasa huu. Shida ni chanzo au ni nilivyoandika?" Hilo swali la mwisho usiliache, maana linampa mwenzio mlango, mara nyingi utakuta shida yake ni sentensi moja tu na alitengua vyote kwa uvivu.

Lakini nisiwafundishe upole uliopitiliza pia. Kuna makala humu ni za kubomoa. Mtu kaingia kwenye mashindano, kachukua makala ya Kiingereza kaipitisha kwenye mashine kakopi kapesti bila hata kusoma, mchezaji wa mpira "anacheza kama mrengo wa kushoto wa mbele ya mahakama" sijui, halafu ukigusa unaambiwa heshimu juhudi za wenzio. Juhudi gani? Angalieni yaliyowakuta Wikipedia ya Kiskoti (lugha ya kule Uskoti), Agosti 2020 ikajulikana kwamba maelfu kwa maelfu ya makala zao zimeandikwa na kijana wa Marekani ambaye Kiskoti chenyewe hakijui, kaanza akiwa mtoto na kaendelea miaka, na wachache walioona hawakufanya la maana. Wikipedia ndogo ndo hatari yake hiyo, na yetu ni ndogo, ipo tangu 2003 na bado wanaohariri kila siku unaweza kuwataja kwa majina. Kwa hiyo bomoa, andika upya, ila pigana na maandishi. Yule kijana alitukanwa mitandaoni vibaya sana wakati aliyekosea ni jamii nzima iliyokaa kimya, na makala mbovu hazikupungua hata moja kwa matusi.

Mwisho kuhusu wakabidhi, msiwafuate WhatsApp na "mkuu kuna mtu anaharibu makala yangu" halafu hamtumi hata linki. Tuma linki ya majadiliano, aone na wewe ulisema nini. Kazi yake si kuamua nani mkweli, kazi yake ni kuzima vurugu, na akiamua kufunga ukurasa usihaririwe kwa muda ataufunga ukiwa na toleo lolote atakalolikuta, pengine ni la mwenzio, usianze kusema kakupendelea au ni mtu wa kwao. Muda huo ukurasa umefungwa tafuta kitabu, piga picha ukurasa unaohusika, andika mwaka na mchapishaji, uweke majadiliano ili ukifunguliwa mabishano yaanzie hapo.