Kiwanja cha Chongoleani Kiliniliza, Vyumba vya Kange Vimenifuta Machozi

Wiki iliyopita msomaji wangu mmoja wa Dar es Salaam aliniandikia: "Dada, nina akiba kidogo. Dalali ananiambia ardhi ya Tanga itageuka dhahabu, niwahi kiwanja upande wa Chongoleani. Nifanyeje?" Usiku ule sikulala. Mdogo wangu, maneno hayo hayo ndiyo niliyoambiwa mimi.

Agosti 2017, jiwe la msingi la bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, lilipowekwa Chongoleani, mjini hapakuwa na habari nyingine. Kilomita 1,443, na mwisho wake kwetu! Nilikuwa na pesa za upatu pamoja na mkopo wa kazini, jumla milioni sita. Dalali akanipakia kwenye bodaboda, akanionesha minazi na bahari ile pale. Muuzaji mzee wa kanzu, mpole. Tukaandikishana serikali ya mtaa, muhuri ukagongwa, na asilimia 10 nikatoa bila kuuliza ni ya nini. Jioni nikampikia mama biriani.

Miezi minane baadaye nikakuta msingi wa mtu mwingine umeshachimbwa. Naye ana karatasi kama yangu, muhuri uleule, ila yake imetangulia kwa mwaka mzima. Tulikwenda baraza la ardhi mpaka nikachoka, na aliyetangulia akashinda. Alistahili. Huko huko ndiko nilikojua kuwa sehemu kubwa ya kiwanja ilikuwa ndani ya mita 60 kutoka baharini, ambako Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu ujenzi wa kudumu. Pesa mzee alishazila. Mkopo nimekatwa mshahara hadi 2021. Mpaka leo nikimwona yule dalali pale Ngamiani, navuka upande wa pili wa barabara.

Nilivyojikusanya tena ni habari ndefu. Safari ya pili nilinunua kiwanja kidogo Kange, hapa hapa Tanga, kimepimwa, bikoni za mipaka zinaonekana, nikajenga vyumba vinne, kimoja kimoja. Stendi ya mabasi iko jirani, kwa hiyo wapangaji wangu ni makondakta, mama lishe na mwalimu mmoja. Vyote vina watu, na nasema hivi nikiwa nimenyoosha shingo.

Wewe wa Dar unapiga hesabu za Dar. Mji wenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, mpangaji akitoka asubuhi, jioni chumba kina mwingine. Huku sisi tunasema waja leo waondoka leo. Mafundi wa mradi huja na kodi nzuri, mkataba ukiisha hufunga mabegi. Kwa hiyo usinunue tetesi, nunua mahali ambapo watu tayari wanalala, wanapika, wanasomesha watoto. Narudia, usinunue tetesi! Tumwogope Mungu na jasho letu, tusilitupe kwa sababu ya maneno ya kijiweni.

Mwombe huyo dalali namba ya kitalu na ya kiwanja, kisha nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya jiji, ulipie upekuzi, uone jina lililoandikwa mle. Ongea na majirani wa pande zote nne bila yeye kuwapo. Akikwambia kuna mteja wa pili anakisubiri hicho kiwanja, mwache huyo wa pili akinunue.