Masuali ya Honi: Toa Maji Kwanza

Nusu ya masuali ya honi za upepo yaliyonifikia safari hii yameandikwa hivi: "Fundi, honi haipigi, nifanyeje?" Basi. Gari gani, honi ya kamba au ya switchi, inapiga kidogo au imekufa kabisa, hakuna. Hayo nimeyaweka kando. Haya yamekuja na maelezo.

Asubuhi honi ya lori langu inakoroma, mchana inakaa sawa. Nimeambiwa ninunue mpya. (Dereva wa mchanga, Mahonda)

Usinunue kitu. Umetoa maji kwenye matangi mara ya mwisho lini? Hewa ya kwetu ina unyevu, kompresa inaibana, na ikipoa usiku ndani ya tangi unyevu ule unageuka maji. Ukibonyeza asubuhi, maji yanasukumwa mpaka kwenye daiframu, kile kisahani chembamba nyuma ya tarumbeta kinachotetemeka na kutoa sauti. Kikirowa kinakoroma. Ukiendelea kukirowesha, cha chuma kinaota kutu na siku moja kinapasuka.

Jioni ukishaegesha, vuta kiringi cha chini ya tangi mpaka upepo utoke mkavu. Kila tangi, si lile tu unalolifikia bila ya kuinama. Kinga kitambaa cheupe utazame. Yakitoka maji kidogo, hiyo ni kawaida. Yakitoka meupe mazito, mafuta yamechanganyika na maji, na filta ya draya, kile kikausha hewa, imeshachoka. Yakitoka mafuta meusi, ringi za kompresa zinapitisha mafuta. Na uelewe kwamba maji hayo hayo yanakwenda kwenye valvu za breki, na zile hazikoromi zikakwambia.

Fundi amechukua upepo wa honi kwenye tangi la breki kwa sababu ndilo la karibu. Kuna ubaya? (Mkoani)

Upo, tena mkubwa, na nimechoka kuuandika. Vitu vya pembeni kama honi vina njia yao, na kati ya njia hiyo na breki kuna valvu ya ulinzi inayojifunga upepo ukishuka, ili breki zibakiwe na wa kwao. Fundi wako ameiruka. Mpira wa honi ukichomoka ukiwa unateremka na magunia, upepo unaokimbia ni wa breki. Mshale wa upepo wa lori nyingi unakaa baa (kipimo cha nguvu ya upepo) 7 mpaka 8 hivi. Ukifika 4, taa na kengele zinakupigia kelele, na wewe uko katikati ya mteremko.

Mwambie arudi aiunge baada ya valvu ya ulinzi. Kabla hajafungua mpira wowote, tieni kabari magurudumuni na mtoe upepo wote. Akisema hakuna haja, tafuta fundi mwengine.

Honi iliganda Mwanakwerekwe mbele za watu. Nikazima gari, bado inalia! (Dereva)

Ingenyamaza ulipozima, ningekutuma kwa fundi umeme atazame rilei, ile switchi inayoendeshwa na umeme. Kwa kuwa iliendelea, anza na valvu yenyewe, huenda imeshindwa kujifunga. Ifungue, na usishangae ukikuta kipande cha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Watu wanaizungusha mpaka ncha ya uzi wa koneksheni, ikikatika inaingia ndani na kukaa kwenye kiti cha valvu. Acha mzunguko mmoja au miwili ya mwanzo wa uzi bila ya tepu.

Nataka honi ya meli kwenye daladala.

Nunua meli.

Nimefunga honi yenye kompresa yake ndogo ya umeme kwenye lori. Siku ya pili imeungua. (Wete)

Suali hili linarudi kila mara. Lori lako lina betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa, jumla 24. Kompresa imeandikwa 12 ubavuni. Soma kabla ya kulipa. Ukipata ya 24, ipitishie rilei na fyuzi, na bonyeza uachie, maana vikompresa hivyo havikuundwa kupiga mfululizo.

Nina tarumbeta mbili. Refu, lenye sauti nene, halitoi kitu. Gari inalala pwani. (Nungwi)

Chungulia mdomoni mwake. Nyigu wa udongo hawaulizi ruhusa, na kiota kimoja kinatosha kuziba. Toa udongo, lielekeze chini kidogo ili mvua isikae, tia wavu mdomoni. Tarumbeta likiwa safi na bado kimya, sikiliza valvu mwenzio akibonyeza. Ikisema "ta" na sauti haitoki, tafuta upepo: paka maji ya sabuni kwenye viungo uone mapovu. Isiposema kitu, anza na waya wa erthi, chumvi ya pwani inaula kwanza.

Daiframu niipulizie mafuta ya kulegezea nati?

Hapana. Kitambaa kikavu.

Nifanyeje honi izidi sauti? Daladala hazinipishi. (Dereva wa kokoto)

Mpira mwembamba unaibana honi, tia mnene na mfupi. Lakini na mimi nina langu. Wapo wanaopiga mwendo mmoja kutoka Bububu mpaka Darajani, mbele ya spitali, mbele ya skuli, watu wako kwenye tarawehe, kwa sababu wameshazoea kusimamisha wenzao badala ya kusimama wao. Ukiniandikia tena, niambie kwanza lainingi za breki umezitazama lini.