Je, niwatege sungura wa porini?

SWALI: Mama, habari ya kazi? Nafuga sungura hapa Njoro. Majani nayakata kando ya shamba la ngano, pale sungura wa porini wanapolisha jioni. Tangu mvua ianze, watoto sita wameharisha wakafa, muda mfupi tu baada ya kuachishwa kunyonya. Mkubwa niliyemchinja alikuwa na vijifuko vya maji tumboni, kama shanga. Jirani anasema niwatege hao wa porini niwamalize. Nifanye hivyo?
Msomaji, Njoro

JIBU: Njema, mwanangu. Pole sana kwa hao sita.

Usiwatege. Sungura wetu wa porini na wako hata hawazaliani, na koksidia, vijidudu vya utumboni ninavyovishuku, kwa kawaida havihami kutoka jamii moja hadi nyingine. Ndugu halisi wa sungura wako ni wa mwituni Ulaya, wenye asili ya Uhispania na Ureno. Huko nako, wanaoelemewa na koksidia ni watoto. Wakikomaa, mwili huwa umezoea kupigana nazo. Kwa hivyo jike wako anaweza kuonekana mzima kabisa huku mavi yake yakiwaambukiza wanawe.

Mayai ya koksidia yakitoka hayaambukizi papo hapo. Hungoja siku moja hadi nne hivi, yapate unyevu na joto. Mvua inakuharibia hapo. Mimi nikiitwa kwa mfugaji, kwanza napitisha kijiti kwenye pembe ya kizimba, wavu unapokutana na ubao. Kikitoka na uji mweusi wa mavi na mkojo, siendi kutafuta mchawi porini. Kwangua kila siku, umwagie maji yanayochemka, maana dawa nyingi za kuoshea haziyaui mayai hayo. Majani yaning'inize, wasile wanapokanyaga. Kabla ya kununua dawa, mpelekee daktari wa mifugo mavi mabichi ayapime. Kuharisha kuna sababu nyingi.

Vile vijifuko ni jambo lingine: ni watoto wa tegu, mnyoo wa utumboni mwa mbwa. Mbwa akila matumbo mabichi ya sungura, tegu hukomaa ndani yake, na mayai huangukia majani pamoja na mavi yake. Hapo sungura wa porini anaweza kuhusika, mbwa akimwinda na kumla. Matumbo yazike kwa kina au uyachemshe, na mbwa apewe dawa ya minyoo.

Hukuniambia kama una mbwa. Au ni wa huyo jirani?